Njia za Mji Zilizojaa Watoto

Somo: Zekaria 8:1-10, Luka 7:31-32, Wakolosai 3:21

 

Jumapili iliyopita nilipotangaza kwamba leo nitafundisha juu ya watoto na michezo yao, mzee mmoja alinipata pale mlangoni, akanishika mkono, akasema, "Pasta, tumetoka kwa Ufunuo, sasa tunaenda kwa bano na kati?" Tulicheka wote wawili. Lakini nilimwambia ukweli, na ninyi pia nawaambia: ujumbe huu sikuutaka. Nimeukimbia karibu mwaka mzima, kwa sababu siwezi kuuhubiri bila kuanza na nyumba yangu, na kwangu kuna jambo nililokuwa nimelifunika.

Fungua nami Zekaria sura ya 8. Ukifika nyumbani soma sura yote. Sasa hivi nataka mstari wa 4 na wa 5. Watu wametoka utumwani Babeli. Ni karibu mwaka wa 520 kabla ya Kristo. Hekalu halijaisha kujengwa, anayetawala ni mfalme wa Uajemi, na mifuko ni mitupu. Mstari wa 10 unaeleza hali ilivyokuwa: mtu alifanya kazi asipate mshahara, na hakuna aliyetoka wala kuingia kwa amani. Sasa Mungu anamtuma nabii awaambie Yerusalemu itakuwaje yeye akirudi kukaa ndani yake. Wewe ungetarajia nini? Mimi ningetarajia kuta ndefu, dhahabu, askari langoni. Mungu anasema wazee, wanaume kwa wanawake, watakaa tena katika njia za mji, kila mmoja na mkongojo wake kwa ajili ya uzee. Halafu anasema njia hizo zitajaa wavulana na wasichana wakicheza.

Rudi usome tena. Hajasema wakikariri. Hajasema hata wakiomba, ingawa kuomba ni kwema na mimi ni wa kwanza kuwaita watoto kwa maombi. Amesema wakicheza.

Hii picha mimi nimeiona kwa macho. Mapema mwaka wa 2008, baada ya ghasia za uchaguzi, ule uwanja wa maonyesho wa Nakuru uligeuka kambi ya maelfu ya watu waliofukuzwa makwao. Nilikuwa kijana katika huduma, tukipeleka unga na blanketi. Siku ya kwanza kitu kilichonishtua si hema, wala si foleni ya maji. Ni kwamba watoto walikuwa wametulia. Umati wote ule wa watoto, na hakuna anayekimbia. Wamekaa kando ya mama zao kama watu wazima kwenye matanga. Tuliendelea kwenda. Baada ya muda, sikumbuki ni wiki ngapi, tulifika asubuhi moja nikasikia kelele nyuma ya hema. Vijana wadogo walikuwa wanapiga mpira wa juala, ile mipira ya karatasi za nailoni zilizofungwa na kamba. (Siku hizi juala zimepigwa marufuku, tangu Agosti 2017, wanatumia soksi na magunia, lakini mpira haujakoma.) Mama mmoja pale, aliyepoteza nyumba na duka, alikuwa anawatazama. Aliniambia, "Pasta, sasa nimejua tutapona." Mimi nikaenda nyuma ya gari nikalia, nikamshukuru Mungu wa Zekaria.

Sasa nisikilize vizuri. Miaka 3 baadaye, mtu yule yule aliyelia kwa furaha kwa sababu watoto wa wengine wanacheza, alikanyaga gari la mwanawe.

Ilikuwa 2011. Kijana wangu wa pili alikuwa na miaka 6, darasa la kwanza, katika shule ya binafsi ambayo sitaitaja. Ni shule iliyomfanyia mtihani wa kuingia akiwa na miaka 4, na mimi nikajisifu kwamba amepita. Huyu mtoto alipenda kuunda vitu. Alikuwa ametengeneza gari la waya. Wengi wenu mnayajua: waya wa ua, magurudumu ya soli za ndara, usukani mrefu wa fito ili usukume ukiwa umesimama. Kwa siku nyingi alikuwa anaomba mabaki ya waya kwa fundi wa jirani. Akitoka shule anavua sare, anaingia kazini.

Siku ya kufunga shule ripoti ikaja. Nambari 38 kati ya watoto 41. Hesabu, 14 kwa 100. Nikatembea na ile karatasi kutoka steji hadi nyumbani, na kila hatua hasira inapanda. Nikampata nje ya ploti kwenye matope, mvua ilikuwa imenyesha, amechimba mfereji na kujenga daraja la vijiti, gari linapita juu. Watoto wengine 5 au 6 wanamngoja wapewe zamu. Nilimwita. Akaja akikimbia, anacheka, akaanza kunieleza, "Baba, ona, nimeweka..." Sikumwacha amalize. Nilikanyaga lile gari. Nilikanyaga mara mbili, maana mara ya kwanza waya ulikataa kukunjika. Halafu nikamwambia maneno haya, mbele ya wenzake: "Hii ndiyo itakulisha? Wewe ni bure kabisa."

Sikumchapa. Kwa miaka mingi nilijitetea na hilo: angalau sikumchapa.

Wapendwa, mimi ni mtoto wa 8-4-4. Mtaala ule ulianza 1985, na tuliofanya KCPE miaka ile tunajua ilikuwaje. Mtihani mmoja, siku chache, na maisha yako yote yanaamuliwa. Baba yangu aliuza ng'ombe 2 ndipo mimi nikaenda sekondari, na aliniambia waziwazi kwamba wa tatu hayupo. Nilisoma kwa hofu nikafaulu kwa hofu. Kwa hiyo nilipomwona mwanangu anacheza, mimi sikuona mtoto anacheza. Niliona ng'ombe wa baba yangu. KCPE yenyewe imekwisha, ya mwisho ilifanywa 2023, lakini hofu yake bado inakaa katika wazazi, na inawafikia watoto ambao hata hawajui KCPE ilikuwa nini. Ukimuuliza mzazi kwa nini umemnyima mtoto kucheza, atakujibu, "Kwa sababu nampenda." Ni kweli anampenda. Mimi pia nilimpenda.

Tangu siku ile kijana akabadilika, na mimi nikafikiri ni mafanikio. Alikaa mezani na kitabu jioni nzima. Hakuchafuka tena. Hakuuliza tena. Yeye ambaye alikuwa anatuchosha na maswali, kwa nini mwezi unatufuata, maji yanayotoka kwa mfereji yametoka wapi, akanyamaza. Mama yake ndiye aliyegundua. Usiku mmoja aliniambia, "Baba, huyu mtoto anafungua kitabu lakini hageuzi ukurasa." Nikamwambia ni uvivu. Muhula uliofuata akashika mkia. Nikamwandikisha tuisheni ya likizo. (Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 imekuja kukataza masomo ya likizo, na bado najua nyumba za hapa kanisani ambapo Aprili na Agosti watoto hawapumui. Siwataji. Mnajijua.)

Aliyenisaidia ni mama mmoja mzee, mwalimu wa chekechea aliyestaafu, aliyekuwa akifundisha shule yetu ya Jumapili. Watoto walimwita Shosho. Jumapili moja baada ya ibada alinituma mtoto: Pasta anaitwa nyuma. Nikaenda. Alikuwa na watoto chini ya mti, wamefungua duka. Udongo ndio mikate, majani ndiyo sukuma wiki, vifuniko vya soda ndizo pesa. Mwenye duka ni kijana wangu. Shosho akanipa vifuniko 20 akasema, "Pasta, nunua mkate."

Nikauliza bei. Kijana, bila kuniangalia usoni, akasema mkate ni 6. Nikachukua mikate 3, nikampa vifuniko vyote 20. Akavipokea, akahesabu haraka haraka kwa kidole, akanirudishia viwili. Wateja wengine walikuwa wanapiga kelele, akawahudumia. Kwa mmoja aliyeleta pesa pungufu alikataa kabisa: "Imebaki mbili, leta."

Shosho akaninong'oneza, "Sasa muulize kama mwalimu." Nikamwita. Nikamwambia kwa ile sauti yangu, "Ishirini kutoa kumi na nane ni ngapi?"

Mtoto akaganda. Midomo ikaanza kutetemeka. Akaangalia chini, akasema, "Sijui." Na kweli hakujua. Hakuwa anadanganya, wala hakuwa mkaidi. Jibu alikuwa nalo dakika 3 zilizopita, na sauti yangu ilikuwa imelifukuza.

Shosho alinivuta kando. Alikuwa mama mpole lakini siku hiyo hakunionea aibu. "Pasta, wewe ukiona matope unaona uchafu. Mimi nimefundisha watoto wadogo maisha yangu yote. Nikiona matope naona hesabu. Huyu mtoto hana shida ya kichwa. Anakuogopa."

Nimekuja kusoma baadaye kwamba jambo hili si la mwanangu peke yake. Katika mji wa Recife kule Brazil, watafiti walienda sokoni wakanunua vitu kwa watoto waliokuwa wakiuza nazi, matunda na mahindi. Wakawauliza kama wateja: nazi 4 ni pesa ngapi, ukinirudishia chenji ni ngapi? Watoto walijibu sawa karibu mara 98 kati ya 100. Halafu wakawaketisha watoto wale wale na karatasi na kalamu, hesabu zile zile zimeandikwa kama za shule. Wakapata karibu 37 kati ya 100. Utafiti huo ulichapishwa 1985. Wale hawakuwa wanacheza, walikuwa kazini, na sisemi tuwatoe watoto shule wakauze njugu. Ninachosema ni kwamba mtoto anaweza kuwa na ujuzi ambao wewe huuoni, kwa sababu unautafuta mahali pamoja tu, na unautafuta kwa vitisho.

Kuna mwingine nataka mmjue, kwa sababu alikuwa mtoto wa mchungaji kama watoto wangu. Anaitwa Friedrich Froebel, alizaliwa Ujerumani mwaka wa 1782. Mama yake alikufa kabla yeye hajamaliza mwaka mmoja. Baba yake alikuwa mchungaji wa Kilutheri mwenye washirika wengi, na shughuli za kanisa zilimmaliza. Mtoto alikua kama asiye na mtu. Baba alijaribu kumfundisha kusoma, akaona ni mzito, akamhesabu kuwa mtoto asiye na akili. Akiwa na miaka 10 hivi, mjomba wake, naye mtumishi wa Mungu, akamchukua akakae naye. Kwa mjomba alipewa uhuru, akapata wenzake wa kucheza nao, akafunguka. Huyo aliyeitwa mzito ndiye aliyefungua shule ya watoto wadogo mwaka wa 1837, ya kujifunza kwa kucheza, kwa kuimba, kwa vipande vya mbao na kazi za bustani, na akaiita kwa lugha yake "bustani ya watoto". Chekechea zetu zote, hadi PP1 na PP2 za leo, zimetoka kwenye mzizi huo. Niliposoma habari zake sikufikiri juu ya Froebel. Nilifikiri juu ya yule baba, mchungaji mwenzangu, aliyekuwa na muda wa kila mtu.

Turudi kwa Neno. Katika Luka 7 Bwana Yesu anafananisha watu wa kizazi kile na watoto waliokaa sokoni. Wanaitana: tumewapigia filimbi hamkucheza, tumeimba za matanga hamkulia. Tumezoea kuhubiri hapo juu ya ugumu wa mioyo, na ndiyo maana yake. Lakini hebu simama kidogo. Yesu alijuaje mchezo huo? Ni mchezo wenye sheria: kundi moja likicheza arusi, la pili linapaswa kucheza ngoma, likicheza mazishi, la pili linalia. Ni kalongolongo ya Galilaya! Mimi naamini aliwatazama watoto sokoni hadi akajua mchezo wao, na hata ugomvi wao. Labda alikuwa mmoja wao kule Nazareti. Biblia haijasema, kwa hiyo mimi nanyamaza. Ila najua kwamba Mwokozi aliyekuja kuokoa ulimwengu alikuwa na nafasi ya kuangalia watoto wakicheza arusi na matanga.

Na kwa nini watoto wanacheza arusi na matanga? Kwa sababu wanajifunza kuwa watu. Tazama watoto wakicheza kalongolongo. Yule asiyeweza kukaa dakika 5 kanisani, mpe kazi ya kuwa mgonjwa hospitalini, atalala kimya nusu saa, kwa sababu mgonjwa hasongi. Huyo anajifunza kujizuia. Msichana anayeruka blada anahesabu, anakumbuka mfuatano wa hatua, anaanguka, anarudi nyuma ya mstari kungoja zamu yake tena. Kwenye bano kuna kulenga, kuna kuhesabu, kuna yule anayedanganya na wenzake wanaomwambia wewe umedanganya, toka. Ukimtuma mtoto chooni ndani ya mchezo, atakuambia, "Mama, ngoja nishinde hii." Umewahi kusikia mtoto akisema hivyo juu ya kitabu alichowekewa kwa kiboko?

Na wengi wenu mnaokoroma wakati mtaala mpya unapotajwa, eti watoto wanakata karatasi na kubandika udongo, kelele tupu, hata mimi nilikoroma mwaka ule wa 2019 ulipoanza. Pesa za vifaa zinauma, hilo ni malalamiko ya haki. Lakini ile sehemu ya kusema watoto wa PP1 wajifunze kwa mchezo, hapo Serikali haikukosea.

Najua ninaulizwa moyoni: Pasta, na Mithali, na fimbo ya adhabu? Sijafuta Mithali. Mtoto anayemwibia mama mboga, mtoto anayemtukana nyanya yake, arudishwe. Lakini Paulo, katika Wakolosai 3:21, alipoandika kwa wazazi alichagua kuwaonya akina baba wasiwachokoze watoto wao hadi wakakata tamaa. Aliyevuviwa na Roho aliona kuna kitu kinaweza kufa ndani ya mtoto, na akaona mkono unaoweza kukiua ni wa baba. Kucheza si kosa la kuadhibiwa. Hata ule Mkataba wa Haki za Mtoto ambao Kenya iliuridhia mwaka wa 1990, ibara yake ya 31 inatambua mtoto ana haki ya kupumzika na kucheza. Ni ajabu Umoja wa Mataifa uone kile nabii alikiona zaidi ya miaka 2,000 kabla, na sisi wenye Biblia tusikione.

Mama mmoja aliniambia katikati ya wiki, "Pasta, mimi natoka kibaruani saa moja jioni, chumba ni kimoja, nje ni barabara ya boda boda. Watacheza wapi?" Nilinyamaza kwanza, kwa sababu ni kweli. Mama, sikuongezei mzigo. Mungu alipowafundisha Israeli katika Kumbukumbu 6 hakuwadai chumba. Alisema uketipo nyumbani, utembeapo njiani, ulalapo na uondokapo. Ukichambua sukuma, mpe mtoto mashina ahesabu. Ukikanda unga wa chapati, mkatie kipande afinyange ng'ombe, na ng'ombe aliwe. Kwenda kuchota maji, shindaneni nani atafika mti ule kwanza. Hiyo haina gharama. Lakini simu uliyompa ili anyamaze, hiyo usiihesabu kuwa mchezo. Mimi natumia simu, sina vita nayo. Ninachokiona ni kwamba kwenye simu aliyecheza ni mwenye kutengeneza katuni. Mtoto wako ameketi tu.

Na ninyi akina baba. Mtoto akikuletea kitu alichotengeneza, hata kama ni takataka machoni pako, muulize, "Umefanyaje hapa?" halafu ungoje ajibu. Maneno 2 tu. Mimi ningeyasema siku ile, ningesikia habari ya daraja.

Mtauliza iliishaje. Siku ile ya duka, nilimpeleka kijana nyumbani kwa miguu. Nikamwomba msamaha. Nilitarajia anikumbatie kama kwenye ushuhuda. Alisema, "Ni sawa, Baba," akaendelea kutembea. Alikuwa na miaka 7. Baada ya miezi kadhaa nilienda kwa fundi mwenyewe nikanunua waya, nikakaa nje nikajaribu kutengeneza gari. Nilishindwa na magurudumu. Alinitazama kwa siku 2 kutoka mlangoni. Siku ya tatu akaja, akachukua koleo mkononi mwangu, akasema, "Si hivyo." Hiyo ndiyo siku alianza kurudi.

Sijaja kuwaambia alipata A. Hakupata. Alipita wastani, leo yuko chuo cha ufundi anasomea mitambo, na anaipenda. Maswali yalirudi, lakini si yote, na si kwangu. Akipiga simu anaongea na mama yake nusu saa. Mimi ni dakika 2. Nimesamehewa, najua. Lakini kuna vitu unavunja kwa mguu mmoja na unavijenga kwa miaka 15, na bado hujamaliza.

Jumatano nilimpigia kuomba ruhusa ya kuisema hadithi hii. Alinyamaza hadi nikadhani mtandao umekatika. Kisha akasema, "Sema tu, Baba. Lakini waambie ile gari ilikuwa na breki. Ndiyo nilikuwa nataka kukuonyesha."

Wapendwa, ndiyo maana sasa nazungumza juu ya ile nafasi nyuma ya kanisa. Mnajua mwezi wa kwanza kikao cha wazee kiliamua iwekwe kokoto iwe maegesho ya magari. Sitamlaumu mzee yeyote, maana mimi ndiye nilikuwa mwenyekiti na mimi ndiye nilisema watoto wanapiga kelele wakati wa ibada ya pili. Tangu hapo tumeweka bawabu, na nimemwona kwa dirisha la mimbari akiwafukuza na kijiti. Tunahubiri urejesho hapa ndani, na nje tunafukuza mstari wa 5. Nimewaita wazee, tumeomba, tumelifuta azimio lile. Magari yatapangwa mbele, na tukikosa nafasi, mimi la kwangu nitaliacha nyumbani.

Baba au mama ambaye moyo wake umemchoma wakati nasoma ripoti ya nambari 38, usiondoke. Njoo hapa mbele, na kama mtoto wako yuko shule ya Jumapili, mwache mtumishi amlete tuombe nanyi pamoja. Hatutakuuliza ulisema nini. Kama mtoto ni mtu mzima na yuko mbali, njoo na nambari yake ya simu. Tutaomba, halafu utampigia ukiwa hapa hapa.

Jumamosi hii saa mbili asubuhi tunakutana nyuma ya kanisa kusafisha ile nafasi. Wanaume waje na panga na majembe, kuna chupa zilizovunjika kando ya ua ambazo lazima zitolewe zote. Akina mama wa ushirika wa Jumanne wameahidi uji. Aliye na matairi mabovu asiyauze kwa chuma chakavu, ayalete. Vifuniko vya soda pia, mwalimu wa shule ya Jumapili anataka angalau 200. Na waya wa ua, mabaki, wa saizi yoyote, niletee mimi.